Ushahidi wa Wanunuzi: Tuuamini kwa Kadiri Gani?



Zamani mtu wa Mombasa akitaka kununua saa au kumpeleka mgonjwa kwa tabibu, alimwuliza jirani. Na jirani huyo alimjua: kuwa ni msema kweli, au ana chuki, au ni jamaa wa mwenye duka. Siku hizi twafungua simu, twatazama nyota tano zilizowekwa na watu tusiowajua, na papo hapo twatoa fedha.

Yatupasa kwanza tujue kwa nini husemwa uwongo katika jambo hili. Nyota ni mali. Mwaka 2011 Michael Luca, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza mikahawa ya Seattle, Marekani, akaona kuwa nyota moja zaidi katika tovuti ya Yelp huzidisha mapato ya mkahawa usio wa kampuni kubwa kwa asilimia 5 mpaka 9. Penye faida kama hiyo, wauza sifa hawakosekani.

Mwaka 2017 Oobah Butler wa London, aliyepata kulipwa paundi 10 kwa kila sifa ya uwongo aliyoiandikia mikahawa, aliliandikisha banda lake katika TripAdvisor kuwa ni mkahawa. Hapakuwa na mpishi wala chakula. Katika picha, povu la kunyolea ndevu lilifanywa krimu. Rafiki zake wakaandika sifa, na mwezi wa Novemba banda likawa la kwanza katika orodha ya mikahawa ya London! Marekani imekataza kwa sheria kuuza na kununua sifa kama hizi tangu Oktoba 2024, na Uingereza tangu Aprili 2025.

Je, tuyatupe maneno yote ya wanunuzi? La. Wanavyuoni wa Hadithi hawakuzitupa khabari zote kwa sababu wazushi walikuwako, bali walimpima msimulizi. Nasi tuulize:

1. Nani asemaye? Aliyeandika mara moja tu maishani, kulisifu duka moja, ni shahidi dhaifu.

2. Asema nini? "Pazuri sana" si khabari. Asemaye kuwa kitambaa kilichuja rangi kilipofuliwa mara ya pili, huyo amekitumia.

3. Alisema lini? Sifa nyingi zilizoshuka kwa siku mbili zatia shaka.

4. Wengine wasemaje? Lawama moja inayorudiwa na watu mbalimbali, kwa nyakati mbalimbali, ina uzito. Lawama ya mtu mmoja huenda imetoka kwa mshindani.

Na katika mambo makubwa, kama dawa, kiwanja au ada ya safari ya Hija, nyota hazitoshi. Nenda mwenyewe, uliza, utake hati.

Tena tujitazame wenyewe. Mwenye duka awaamrishaye wanawe na wapwa zake wajifanye wanunuzi, wamsifu, afanya jambo lililo ndugu wa najshi iliyokatazwa: mtu kukipandishia bei kitu asichotaka kukinunua, ili mwenzake adanganyike. Na kijana aandikaye hivyo asiseme, "Nimetumwa na ami yangu." Fedha itakayopotea ni ya mjane aliyemwamini. Basi ukitendewa wema, andika. Ukidhulumiwa, andika bila ya kuzidisha. Ushahidi ni amana.