Kora, Zumari la Kiwiko na Kiki ya Mashine: Namna ya Kuwasikiliza Afro Celt Sound System

Anayewasikia Afro Celt Sound System kwa mara ya kwanza hushika biti, na mengine yote humpita kama kelele tamu. Ni haki yake, maana ala ni nyingi na zote zinazungumza kwa pamoja. Ukijua pa kutega sikio, zinaanza kuachana.

Kundi lilianzishwa na Simon Emmerson, mpiga gitaa na prodyuza wa Uingereza aliyekuwa amefanya kazi na Baaba Maal wa Senegali. Albamu yao ya kwanza, Volume 1: Sound Magic, ilirekodiwa katika studio za Real World huko Wiltshire, ikatoka mwaka 1996. Utasikia watu wakidai kwamba Wakelti wa kale walitokea Afrika. Hadithi hiyo iache. Muziki wenyewe unatosha kueleza kwa nini pande hizi zinapatana.

Anza na mdundo. Ayalandi kuna jigi na kuna rili. Jigi huhesabiwa moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, hesabu ambayo aliyekulia kwenye chakacha anayo mwilini tayari. Ngoma nyingi za Afrika Magharibi huzunguka kwa mapigo 12, na jigi huingia humo mara mbili kamili. Rili huhesabiwa nne nne, ndiyo maana hulala vizuri juu ya kiki, lile pigo zito la besi, ya disko. Jaribu hivi: mguu ufuate kiki ya mashine, makofi yafuate ngoma ya djembe. Makofi yakikataa kukaa pamoja na mguu, hujakosea.

Kisha sikiliza makwapa. Sitanii. Zumari la Kiayalandi, uilleann pipes, limepata jina kutokana na neno la Kiayalandi la kiwiko. Mpigaji hapulizi kwa mdomo: mkono wa kulia unabana mvukuto mfano wa ule wa mhunzi, wa kushoto unabana mfuko wa hewa, na vidole vinacheza wimbo huku mabomba ya pembeni yakishikilia noti moja bila kupumua. Tama, ngoma ya Senegali, nayo hukaa kwapani. Ukizibana kamba zake, sauti hupanda kama mtu anayeuliza swali. Kwenye bodhrán, ngoma ya ngozi ya mbuzi, mkono mmoja hupiga kwa kijiti na mwingine, ndani ya duara, huibonyeza ngozi. Na prodyuza? Anazungusha kitufe, sauti ya kinanda inajibana, halafu inafunguka. Kwa sikio langu, mchezo ni ule ule.

Ile noti ya zumari isiyopumua ndiyo ufunguo. Kodi hapa hazibadiliki sana: kuna sauti moja ya chini, na juu yake vitu vinazunguka. Kora imezoea mazingira hayo. Ina nyuzi 21 na nusu kibuyu kilichowambwa ngozi ya ng'ombe. Vidole gumba viwili hurudiarudia mzunguko wa chini, vidole viwili vya shahada hukimbia juu. Msikilize N'Faly Kouyaté wa Guinea utenganishe kazi hizo mbili. Mara nyingine mashine humfunika, na hapo naona waliochanganya sauti walizidisha.

Sauti ya Iarla Ó Lionáird haitaki kuhesabiwa kabisa. Anaimba sean-nós, mtindo wa kale wa Kiayalandi usiohitaji ala, akiivuta silabi moja juu ya noti nyingi. Mpenzi wa taarabu hatashangaa. Biti ikikatika, yeye hubaki, na hapo ndipo pa kumsikia.

Ukimaliza albamu ya kwanza, nenda Volume 2: Release ya 1999, ambamo Sinéad O'Connor ameimba. Ila tafuta spika yenye besi. Kwa spika ya simu, kiki yote itapotea na bodhrán itakuwa kama jirani anayebisha hodi.