HESABU YA DARASA LILILOJAA



Neno la darasa kujaa husemwa sana bwenini, njiani na katika mijadala yetu. Mmoja hulalamika, "Tumebanana kama usipa juu ya kichanja." Mwingine humjibu, "Wazee wetu walisoma chini ya mti, na bado wakajua." Kusema ni rahisi, kupima ndiyo kazi. Basi katika somo hili tupime kwanza, halafu ndipo tutoe maoni.

Mtoto wa Ikombe anajua jinsi mtumbwi unavyopakiwa vyungu vya Kikisi vya kupelekwa mnadani Lyulilo. Mpakiaji hatazami wingi wa vyungu vilivyobaki ufukweni. Hutazama ukingo wa mtumbwi na maji. Darasa nalo lina ukingo wake, ila hauonekani kwa macho; huonekana kwa hesabu. Kiwango kilichowekwa na Serikali kwa shule za sekondari ni wanafunzi 40 kwa chumba kimoja. Tutalinganisha darasa la wanafunzi 40 na darasa la wanafunzi 80.

1. Nafasi ya kukaa

Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7. Eneo lake ni mita za mraba 63. Tukitenga mita 13 za mraba kwa ajili ya ubao, meza ya mwalimu na mlango, zinabaki 50. Wakiwa wanafunzi 40, kila mmoja atapata mita ya mraba 1.25. Wakiwa 80, kila mmoja atapata 0.625, yaani pungufu kidogo ya mraba wenye sentimita 80 kila upande. Humo ataweka kiti, meza, miguu, mfuko na kiwiko cha kuandikia. Mapito kati ya safu hayapo tena, wala mwalimu hawezi kufika nyuma kutazama kinachoandikwa daftarini.

2. Wakati wa mwalimu

Kipindi kimoja ni dakika 40. Hata kama mwalimu asingefundisha neno lolote, akapita tu kumsaidia kila mtu, wanafunzi 40 wangepata dakika moja moja, na wanafunzi 80 nusu dakika. Sasa tazama kazi ya kusahihisha. Daftari moja likihitaji dakika 3, madaftari 40 yatachukua saa 2. Madaftari 80 yatachukua saa 4. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya namna hiyo atahitaji saa 12 kwa zoezi moja tu. Hana budi kupunguza mazoezi, au kutoa maswali ya kuchagua jibu peke yake. Ndivyo mwanafunzi anavyoweza kumaliza muhula mzima bila insha yake kusomwa na mtu. Hasara hii haipigi kelele, na kwa sababu hiyo ni mbaya kuliko kubanwa kiwiko.

3. Hewa

Mtu aliyeketi ametulia hutoa yapata lita 18 za hewa ya ukaa kwa saa, yaani lita 12 kwa kipindi cha dakika 40. Watu 80 watatoa lita 960. Chumba chetu kikiwa na kimo cha mita 3, kina lita 189,000 za hewa. Basi, kama kimefungwa kabisa, hewa ya ukaa itaongezeka kwa asilimia 0.5 katika kipindi kimoja. Huko nje hewa hiyo ni asilimia 0.04 tu. Kwa kweli hakuna darasa lisilo na nyufa, kwa hiyo kiasi kitakuwa pungufu ya hapo. Lakini sisi wa Kyela tunaijua mvua ya masika: ikianza kupiga, madirisha hufungwa, na bati nalo huzima sauti ya mwalimu. Basi usingizi wa saa nane mchana usiitwe uvivu kila mara.

4. Je, mambo haya yana matokeo?

Huko Marekani, katika jimbo la Tennessee, jambo hili lilijaribiwa tangu mwaka 1985 hata 1989. Watoto zaidi ya 11,000 wa madarasa ya chini waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine katika madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine katika madarasa ya 22 hadi 25. Wale wa madarasa madogo walishinda katika kusoma na hesabu, na watoto wa maskini walifaidi zaidi. Hao walikuwa watoto wadogo, wala si vijana kama sisi. Hata hivyo kumbuka kwamba darasa lililoitwa kubwa huko lilikuwa na watoto 25.

5. Tumefikaje hapa?

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mwaka 1961 Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu wa sekondari, na kati yao 176 ndio waliokuwa kidato cha sita. Madarasa hayakujaa, maana mlango ulikuwa mwembamba. Hata mwaka 2004 nchi ilikuwa na shule za sekondari zisizofika 1,300. Ndipo zikaja shule za kata, na kufikia mwaka 2010 shule zilikuwa zaidi ya 4,000, na wanafunzi walitoka kama 432,000 wakafika zaidi ya milioni 1.6. Mwaka 2016 ada ya shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni ikaondolewa hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 ikaondolewa pia kwa kidato cha tano na cha sita.

Basi msongamano wetu haukuletwa na jambo baya. Umeletwa na jambo jema ambalo vyumba na walimu hawakuongezwa kwa mwendo wake.

6. Maoni ya wanafunzi

Maoni tunayoyasikia kwetu ni ya namna tatu.

La kwanza husema, "Wapunguzwe." Anayesema hivi na ajibu: aondolewe nani? Tukipunguza kwa umbali, wa kwanza kutoka ni kijana wa Ikombe, ambaye kwao mlima umelisogelea ziwa. Tukipunguza kwa fedha, atatoka mtoto wa mvuvi na wa mama mfinyanzi. Tukipunguza kwa alama, atatoka yule aliyeketi safu ya nyuma, ambaye daftari lake halikusahihishwa. Kila mtu hutaka nafasi, lakini kila mtu hudhani wa kuondoka ni mwingine.

La pili husema, "Tusome kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana." Zamu huongeza nafasi ya viti. Haimwongezi mwalimu, ila humchosha mara mbili. Na wanaotoka mbali watarudi kwao gizani.

La tatu husema, "Tujengewe." Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Wingi wetu umekwisha kuleta majengo: mwaka 2021 Serikali ilianza kujenga vyumba 15,000 kwa fedha za mkopo wa kupambana na UVIKO-19, na kati ya hivyo 12,000 vilikuwa vya sekondari. Haya ndiyo maoni yaliyo bora, lakini hayajatimia. Chumba kisicho na mwalimu ni ghala. Tukiomba chumba, tuombe na mwalimu wake. Tena mahali kama Ikombe, ambapo ardhi tambarare ni haba, kiwanja cha shule hakina budi kutengwa mapema, kabla hakijaliwa na nyumba na mashamba.

7. Tufanye nini tukingojea?

Kwanza, tubadilishane viti kila juma, ili safu ya nyuma isiwe urithi wa watu wale wale. Pili, tufungue madirisha ya pande zote mbili mvua inapokatika. Tatu, tuunde makundi ya watu wanane, na kila kundi lisahihishe zoezi pamoja kwa majibu ya mwalimu. Maswali yaliyoshindikana yaandikwe katika karatasi moja na kupelekwa kwake. Badala ya watu 80 watapeleka makundi 10.

Lakini tusijidanganye. Mwaka 1798 Joseph Lancaster alifungua shule huko London ambamo wanafunzi wakubwa waliwafundisha wadogo, na mwalimu mmoja akasimamia mamia. Walijifunza kusoma na kuandika, lakini zaidi kwa kukariri. Kundi husaidia, mwalimu hana badala.

MAZOEZI

1. Pima chumba chenu cha darasa. Kila mwanafunzi ana mita ngapi za mraba?

2. Mwalimu ana mikondo 4 yenye wanafunzi 65 kila mmoja, na daftari moja humchukua dakika 3. Atahitaji saa ngapi kusahihisha zoezi moja?

3. Hesabu madaftari yako yote. Ni kazi ngapi zilizosahihishwa muhula huu? Linganisha na mwenzako wa safu ya nyuma.

4. Mjadala: "Afadhali kubanana darasani kuliko kubaki nyumbani." Kila upande utumie namba, si kelele.