Fungu la Waokotezao (3 Mose 19, 9-10)

Katika somo hili mwenye shamba akatazwa kuvuna mpaka pembeni, wala asirudi kuyaokota yaliyoanguka, maana hayo ni ya maskini na ya mgeni. Wengi wetu tumezoea kufundisha ya kuwa hiyo ni sadaka. Sivyo. Sadaka hutolewa kwa hiari, bali masazo yale yalikuwa fungu la maskini kwa sheria, wala Ruti hakuwa mwizi alipookoteza nyuma ya wavunaji wa Boazi.

Basi tuwatazame waokotezao wa siku hizi, waokotao chupa na mifuko ya plastiki majalalani. Sisi twawaita machokoraa, na wapitapo twaziba pua. (Chupa za karamu zetu za kipaimara, ni nani aziondoaye uwanjani?) Huko Kolombia, katika mji wa Barranquilla, mwaka 1992 ilifunuliwa ya kuwa waokota taka walilaghaiwa na kuuawa, ili maiti zao ziuzwe kwa mafunzo ya uganga. Kwa sababu hiyo tarehe 1 Machi ni siku yao ya ukumbusho duniani.

Lakini katika nchi ile ile waokota taka wa Bogotá, mji mkuu, walikwenda barazani kudai haki. Kazi ya taka ilipokuwa ikigawiwa makampuni, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2003, na tena mwaka 2011, ya kuwa watu hawa wasitengwe na kazi iliyo riziki yao. Mwaka 2013 mji ukaanza kuwalipa kwa uzito wa vitu walivyokusanya. Zamani walipata bei ya mnunuzi tu. Usafi waliowafanyia wenyeji haukuwa na ujira. Linganisheni 5 Mose 24, 14-15.

Mwezi wa Machi 2022 mataifa yalikutana Nairobi, yakaazimu kuandika mapatano yenye nguvu ya sheria juu ya uchafu wa plastiki, na azimio lile lataja msaada wa wafanya kazi wa namna hii. Walakini kutajwa si kulindwa. Taka zikipata thamani, matajiri watazitaka, na shamba litavunwa mpaka pembeni. Wajumbe walipokutana Geneva, Agosti 2025, waliachana pasipo kupatana.

Waalimu, kabla ya kufundisha somo hili, nendeni jalalani mkaulize kilo moja ya chupa hununuliwa kwa bei gani, na ni nani aishikaye mizani. Kisha someni Ruti 2 pamoja na wanafunzi.