Je, dawa za homa ya ini zitanivuruga akili?

*Shikamoo daktari. Natumia ARV mwaka wa sita sasa. Nimekutwa na homa ya ini C, wiki ijayo naanza vidonge. Kaka yangu alitibiwa zamani kwa sindano, akawa analia ovyo na kutaka kujiua. Mimi mwenyewe niliwahi kuugua sonona. Naogopa.*
*Msomaji, Tanga*

Marahaba. Kilichomvuruga kaka yako yaelekea ni interferoni, sindano ya kila wiki iliyodungwa hata kwa wiki 48. Ilichochea kinga ya mwili kwa nguvu, na kemikali zake zikagusa ubongo: usingizi unapaa, hasira za ghafla, sonona. Vidonge vya sasa, kama sofosbuviri na daklatasviri, hushambulia kirusi chenyewe. Kwa kawaida ni wiki 12, na hupona zaidi ya watu 90 kati ya 100, wenye VVU wakiwemo. Uchovu na kichwa kuuma vinaweza kuwapo.

Mimi ningeangalia zaidi ARV zako. Efavirenzi huleta ndoto za kutisha na huzuni, tena hupunguza nguvu ya daklatasviri. Dolutegraviri huweza kukukosesha usingizi. Ikiwa hivyo, imeze asubuhi. Nenda kliniki na makopo yako yote ya dawa, uitaje ile sonona kabla ya kuanza. Wakupime na homa ya ini B, maana vidonge hivi vinaweza kuiamsha. ARV usiache kwa uamuzi wako.

Huzuni ikifika wiki mbili, rudi kliniki. Ukiwaza kujidhuru, usingoje miadi: mwambie mtu wa nyumbani, mwende hospitali siku hiyo hiyo.