SOMO LA CHAZA, MUHURI NA MWAMBA

Jua, ewe mwanafunzi, ya kwamba viko vitu vijipangavyo vyenyewe pasipo mkono wa fundi; lakini havijipangi ila juu ya mahali palipotengenezwa kwanza.

Mtazame chaza wa lulu. Ndani ya gamba lake mna weupe ung'aao, uitwao lulumizi. Katika sehemu 100 za uzani wake, sehemu 95 hivi ni madini ya chokaa, nayo peke yake ni mepesi kuvunjika.

Suali: Mbona gamba ni gumu hivyo?

Jawabu: Chaza hutandika kwanza utando mwembamba, wa asili moja na gamba la kaa. Kisha madini yaliyomo katika maji ya mwili wake huganda juu ya utando huo, vibao juu ya vibao, na unene wa kibao haufiki sehemu moja katika elfu ya milimita. Ufa ukianza, tando huuzuia usiende mbali.

Njia hii wataalamu wa Marekani waliifuata. Mwaka 1999 Joanna Aizenberg na wenziwe wawili walitangaza jaribio lao. Walifanya muhuri wa mpira laini wenye vitone vidogo mno, wakautia dawa mfano wa wino, wakaupiga juu ya bamba la dhahabu. Palipobaki wakapaka dawa isiyopokea madini. Bamba lilipotiwa katika maji yenye madini ya chokaa, fuwele ziliota juu ya vitone tu, safu kwa safu. Hapana aliyezipanga kwa kidole, muhuri ulitangulia.

Suali: Na faida yake kwetu ni ipi?

Jawabu: Mawe ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani asili yake ni matumbawe. Tumbawe changa huelea baharini, kisha hutafuta mwamba mgumu uliotulia, likashika, likajenga nyumba yake ya chokaa. Mwamba ukipigwa baruti huwa vipande, na mawimbi huvibingirisha. Tumbawe changa likishika hapo husagwa. Chokaa baharini ni tele. Kilichokosekana ni sakafu iliyotulia.

Basi apigaye baruti haui samaki wa leo tu. Huondoa mahali pa kuanzia kwa miaka mingi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imeikataza, na akili imeikataza kabla yake: riziki ya watoto wetu haiuzwi kwa kapu moja la samaki. Mfikishie somo hili kila mwenye chombo.