Vidonge vya kuongeza damu: meza, usivifiche chini ya godoro

Ndugu msomaji, mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Ninapopita nyumba kwa nyumba na kumwuliza mama mjamzito kuhusu vidonge vya kuongeza damu, mara nyingi hunitolea pakiti ya mwezi uliopita ikiwa bado imejaa. Leo tujifunze kwa nini vimezwe vyote.

Vina kazi gani?
Vina madini ya chuma na asidi ya foliki. Mwili hutumia chuma kutengeneza damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku. Mahindi na maharage ya mgawo peke yake hayamtoshi. Mama aliyepungukiwa damu huchoka na kusikia kizunguzungu. Hatari kubwa iko siku ya kujifungua: akitokwa na damu nyingi, anaweza kufa upesi kuliko mwenzake mwenye damu ya kutosha. Mtoto naye anaweza kuzaliwa na uzito mdogo.

"Nilipovimeza, choo kikawa cheusi"
Usiogope. Ni chuma kilichobaki, mimba haijaharibika. Ukisikia kichefuchefu, meza usiku baada ya kula. Choo kikiwa kigumu, kunywa maji mengi. Lakini ukiona damu ukeni, nenda kliniki mara moja.

Vimezwe namna gani?
- Kimoja kila siku, kama ulivyoelekezwa kliniki.
- Kwa maji safi. Chai na maziwa huzuia chuma kuingia mwilini. Subiri saa moja au mbili ndipo unywe.
- Ukipata chungwa, pera au limau, kula pamoja navyo. Husaidia chuma kuingia.
- Kula pia lengalenga, mchicha na dagaa.
- Weka mbali na watoto. Mtoto huona ni pipi, na vikiwa vingi vinaweza kumwua. Akimeza, mkimbize kituo cha afya hata kama anaonekana mzima.

Na vile vya sokoni?
Wapo wanaouza vidonge vya kliniki ili wanunue vya kunenepesha. Dada yangu, baadhi ya hivyo si vitamini. Ni deksametazoni, dawa inayotakiwa kuandikwa na daktari. Huongeza sukari na presha, na hupunguza nguvu ya mwili kupigana na magonjwa. Kama umevitumia muda mrefu, usiache ghafla. Peleka pakiti kliniki, waeleze bila aibu.

Akina baba, hili ni lenu pia. Jioni hii mwulize mama pakiti iko wapi, mhesabu pamoja vilivyobaki. Kama vimezidi siku, aanze tena leo na kimoja tu, asimeze viwili kufidia. Nikipita wiki ijayo, nionyesheni pakiti tupu.