Kupima Maji ya Ardhini Goma: Mambo ya Kuuliza Maabara

Mji wa Goma umekaa juu ya lava. Mlima Nyiragongo uliimwaga mwaka 1977, ukaileta hadi katikati ya mji Januari 2002, ukaimwaga tena Mei 2021. Mvua inayonyesha juu ya mawe hayo yenye matundu huzama upesi, ikapita kwenye miamba na gesi za volkano, kisha ikatokea tena kwenye chemchemi na visima au kuingia Ziwa Kivu. Gesi ya kaboni inayoyeyuka humo huyapa maji ukali wa asidi, nayo maji makali huyeyusha mawe kwa urahisi. Kwa hiyo bidoni ya maji maangavu yasiyo na harufu inaweza kuwa na floridi, arseniki, risasi au urani.

Mpangilio wa hatari ni huu. Adui wa kwanza wa mkazi wa Goma bado ni kipindupindu, ugonjwa ulioua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi hapa mwaka 1994. Klorini huzuia kipindupindu, wala mtu asiiache kwa sababu ya makala haya. Lakini klorini haiondoi metali nzito, na kuchemsha sana huzidisha tatizo: mvuke unaondoka, madini yanabaki sufuriani. Baada ya vijidudu inafuata floridi, inayojulikana sana katika eneo la Virunga kwa kuacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Metali nzito na unururifu huja baada ya hapo, na ndipo watu wengi hupotea.

Hupotea kwa sababu ya kile kifaa cha mkononi cha kupima unururifu, kinacholia. Mtu akikiweka juu ya ndoo kikanyamaza, usiyachukulie maji kuwa salama. Urani na radiamu hutoa zaidi miale ya alfa, ambayo hata karatasi huizuia. Ikiwa ndani ya maji haitoki kabisa. Maabara hukausha maji kwanza, kisha hupima mabaki. Omba kipimo cha jumla ya alfa na jumla ya beta. Shirika la Afya Duniani linasema uchunguzi zaidi ufanywe alfa ikizidi bekereli 0.5 kwa lita, au beta ikizidi 1. Kuzidi hapo bado si hukumu. Ni ishara ya kutafuta chanzo.

Kwa Goma kuna jambo moja ambalo hupaswi kulisahau. Lava ya Nyiragongo ina potasiamu nyingi, na kila gramu ya potasiamu ya asili hutoa takriban bekereli 28 za beta. Mwili hujisawazishia potasiamu wenyewe, hivyo sehemu hiyo huondolewa kwenye hesabu. Ripoti yenye beta ya juu isiyotaja potasiamu haijakamilika. Irudishe.

Kwa upande wa kemia, mipaka ya Shirika la Afya Duniani kwa lita moja ni floridi miligramu 1.5, arseniki mikrogramu 10, risasi mikrogramu 10, kadimi 3 na urani 30.

Matokeo mengi huharibika kabla ya kufika maabara. Acha pampu ifanye kazi mpaka joto la maji litulie, kisha pima pH papo hapo. Chupa ya sampuli ya metali iwe ya plastiki, iliyosafishwa kwa asidi ya nitriki, na sampuli itiwe asidi hiyo hadi pH ishuke chini ya 2, la sivyo metali hunata kwenye kuta za chupa. Floridi iwe na chupa yake ya plastiki isiyotiwa asidi. Sampuli ya radoni, gesi nururifu, ijazwe pomoni kwenye chupa ya kioo, bila kiputo hata kimoja, na saa iandikwe, kwa kuwa radoni hupungua nusu kila siku 3.8. Kwa radiamu, maabara inaweza kufunga sampuli karibu mwezi mzima kabla ya kuipima. Tilia shaka majibu ya siku moja.

Na tafadhali, usishuke kisimani wala bondeni kuchota sampuli palipo na mazuku, yaani gesi ya kaboni iliyojikusanya mabondeni. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haionekani, na inaua. Teremsha chombo kwa kamba.

Nchini Kongo, chombo cha umma cha mambo ya nyuklia ni Kamisheni Kuu ya Nishati ya Atomu, CGEA, huko Kinshasa.

Radoni ikizidi, kuyarusha maji hewani huitoa. Urani au floridi zikizidi, badilisha chanzo cha maji ya kunywa na kupikia, au yachanganye na maji yaliyopimwa kuwa na kiwango kidogo. Maji ya chanzo cha zamani yafulie. Kamati za maji za mitaa, bandikeni matokeo pale bombani, kwa Kiswahili, pamoja na tarehe ya kipimo.